Nilimwambia Mnunuzi Kwamba Yuma Amekufa

Zaina mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia ya maji ya kuchemsha, ya malaria, na ya kutopanda moto, yaani pikipiki, ya mtu aliyelewa. Sitayarudia. Jioni hii alipokuwa anakufungia begi alinigeukia akasema, "Na wewe baba yake, hauna neno?" Nikamjibu ninalo, nitaliandika. Akaniangalia kidogo, kisha akaendelea kukunja vitenge vyako. Yeye analijua neno lenyewe. Wewe unajua nusu yake, na hata nusu hiyo niliipotosha kabla ya kukupa.

Unakwenda Kinshasa kujifunza kuchora. Mimi siwezi kuchora hata kuku akatambulika ni kuku. Lakini najua kidogo namna michoro inavyouzwa, na najua mtu anavyoweza kuuza kitu kingine pamoja nayo asijue mpaka kimekwisha kuondoka nyumbani. Nataka usikie hayo kwangu, kabla hujayasikia kwa mtu mwingine.

Wewe umemjua baba yako mkubwa Yuma akiwa mkulima wa Kabambare, mzee mwenye mkono unaotetemeka, aliyekufundisha wakati wa likizo namna ya kushika kalamu ya wino. Hukumwona alipokuwa kijana hapa Kasongo. Mchana alikuwa anaandika mabango ya maduka na saluni. Jioni alichora bedé, hadithi za picha, kwa gazeti dogo ambalo yeye na vijana wenzake walilichapa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Hadithi yake ilikuwa ya Tabu, mwanamke wa Nyangwe mwenye kuvusha watu Lualaba kwa mtumbwi. Abiria hakulipa pesa. Alilipa kwa kueleza kwa nini anavuka. Nusu ya abiria walikuwa waongo, na Tabu aliwaacha waseme mpaka katikati ya mto.

Mimi niliuza gazeti hilo kwa baiskeli. Sokoni mama wauza mikate walikuwa wanagombana na Tabu kama ni mtu. "Huyu mwongo angemtupa majini!" wanasema. Watu hawakuniita Ramazani. Waliniita mudogo ya Tabu, na nilifurahi.

Usiku nilikaa karibu na Yaya, ndivyo nilivyomwita kaka yangu Yuma, nikimshikia taa. Kwanza penseli, halafu wino. Akikosea, alifunika kosa kwa rangi nyeupe, au alikata kipande cha karatasi akakibandika juu na kuchora upya. Pembeni mwa karatasi alijiandikia maneno: "mkono wa Tabu uwe mkubwa zaidi," "uliza mama kitenge hiki kilikuwa na maua gani." Karatasi hizo kubwa za kwanza, zilizopita mikononi mwake mwenyewe, wachoraji huziita planshi. Mimi niliziona chafu. Nilipenda gazeti, lililotoka safi.

Vita ilipofika, watu walikimbia na magodoro na masufuria. Yuma alikimbia na mtoto wa jirani mgongoni na sanduku la planshi kichwani, akapita porini mpaka upande wa Kabambare. Njiani walimcheka: mutu mzima anabeba makaratasi, na chumvi hana. Huko alibaki, akaoa, akalima. Gazeti halikurudi tena. Na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya majani na mvua ilipenya, alinitumia sanduku lile na maneno machache: "Ramazani, wewe uko na mabati. Nitunzie."

Alisema nimtunzie. Mama yako alikuwapo ujumbe ulipofika, alisikia kama nilivyosikia.

Miaka ile nilikuwa nafanya kazi Lusangi, kwenye machimbo ya dhahabu, nimeshirikiana na wenzangu katika shimo moja. Maji yalitushinda. Kila asubuhi tuliyakuta yamepanda, na wachimbaji walianza kutuacha mmoja mmoja. Tulihitaji pompi ya kuvuta maji. Sikuelezi hili ili unionee huruma. Nataka ujue tu kwamba kichwa changu kilikuwa kimejaa maji ya shimo siku Désiré alipopiga hodi nyumbani Kasongo.

Désiré alitoka Kinshasa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka akitafuta planshi za zamani, kuzipeleka kwenye mnada Ulaya. Kasongo walimwelekeza kwangu. Kabla ya kugusa chochote aliomba maji na sabuni, akanawa, akakausha mikono vizuri kama mtu anayetaka kusali. Kisha akakaa mlangoni penye mwanga na kuzitazama moja moja. Niliona haya kwa ule uchafu wa penseli, nikachukua raba.

"Usiguse!" akapiga kelele. Halafu akatulia. "Papa Ramazani, hii unayotaka kufuta, njo yenyewe wanatafuta."

Akanieleza. Alionyesha penseli iliyojificha chini ya wino: mchoraji alitaka kwanza kichwa kiangalie kule, akabadilisha nia. Alionyesha rangi nyeupe, na kipande kilichobandikwa. Gazeti wanalo watu wengi, akasema, lakini mahali ambapo mkono ulisitasita pako hapa tu, kwenye karatasi hii moja. Planshi ambayo Tabu anaonekana kwa mara ya kwanza itashinda nyingine zote. Ile ambayo anajaza ukurasa mzima akiwa kwenye mtumbwi itafuata. Ile iliyoliwa na mchwa pembeni itashuka, lakini si sana, kama uso haukuguswa. Nilimsikiliza kwa mshangao. Maisha yangu yote nilikaa karibu na mkono ule, na mgeni ndiye alikuwa ananionyesha.

Kisha akauliza, "Na mwenye kuchora, iko wapi?"

Zaina, nimejiuliza mara nyingi kilichopita kichwani mwangu wakati ule. Niliiona njia ya Kabambare na tope lake. Nilimwona Yaya akitikisa kichwa, hapana, sijakwambia uuze. Na niliyaona maji shimoni.

"Alikufa," nikasema.

Désiré akavua kofia. "Pole sana. Alikufa na nini?"

"Tifoidi."

Ndilo jina la ugonjwa lililonijia. Désiré akasema taratibu, kama mtu anayeona haya kusema, "Basi hatachora nyingine. Hiyo inapandisha bei. Na mrithi ni nani?"

"Njo mimi."

Mama yako alikuwa amesimama nyuma yetu na kahawa. Aliweka sinia chini, pale pale sakafuni, akarudi jikoni. Hakunisemesha siku nyingi. Nilitia sahihi, Désiré akaacha malipo ya kwanza, akaondoka na sanduku zima. Pompi tulinunua. Ilifanya kazi mpaka ukuta wa shimo ulipoporomoka, siku ya sokoni, hakuna mtu ndani, tumshukuru Mungu. Sikupata kitu.

Sasa sehemu yako. Ulikuwa bado sekondari, na mjomba wako alikuwa amekupa simu. Ulikuja mbio kutoka pale nyuma ya kanisa ambapo rezo, mtandao wa simu, inashika, kiatu kimoja mkononi.

"Papa! Tabu iko Ulaya! Angalia, iko kwa mnada!"

Ulinionyesha. Ilikuwa ni yeye, kwenye mtumbwi wake, hata gundi ilionekana. Ukaanza kunisomea Kifaransa na kukigeuza: mchoraji wa Kasongo, jina lake, kazi yake, halafu ukasimama. "Wameandika ni marehemu. Papa, baba mukubwa si alitutumia muhogo juzi?"

Nikacheka. "Wazungu hawa, wanakosea kila siku."

Ukacheka na wewe. Mambo mengine ya habari hii naweza kuyatazama. Hili la wewe kucheka kwa kuniamini bado linanishinda.

Na kwa kuwa uliamini ni kosa, ulifanya anachofanya mtoto mwema: ulilisahihisha. Uliwaandikia watu wa mnada, ukawatumia picha ya baba mkubwa siku ya Idi, kanzu nyeupe, jogoo mkononi. Ulituambia tukiwa tunakula, umejaa furaha, kwamba sasa watajua iko muzima. Nilirudisha tonge la bugali sahanini. Mama yako alinisogezea maji bila kuniangalia.

Désiré akapiga simu. "Ramazani, marehemu wako anashika jogoo." Wameziondoa planshi kwenye mnada mpaka jambo lieleweke, akasema, na kama halieleweki, sisi wawili tutaitwa wezi. Kesho yake nilichukua motari, dereva wa pikipiki, kwenda Kabambare. Wewe nilikuambia nampelekea Yaya habari njema. Ulinipa biskuti nimpelekee.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kumwomba abaki amekufa. Njia nzima nilipanga maneno: atasema yule wa kwenye picha ni ndugu anayefanana naye, basi, mambo yatapita. Niliyapanga vizuri. Tulipokuwa tunasukuma moto kwenye tope nilikuwa bado nayapanga.

Nilimkuta anamenya muhogo nje ya nyumba. Alinyanyuka, akaagiza maji ya kunawa, tukala. Alikuulizia wewe, masomo yako, kama bado unachora vidole vikiwa vinene mno. Nilimpa biskuti zako. Sahani zilipoondolewa akasema, "Sasa sema. Mutu hakimbii hivi kwa habari nzuri."

"Yaya, kuna kosa kidogo limetokea huko Ulaya..."

"Nilikufa na nini?"

Kumbe mwalimu mmoja wa huko alikuwa ameliona tangazo kwenye simu yake, akaja na wenzake, wanacheka, kumpa pole Mama Asha, mke wa Yaya. Yaya alikuwa amejua kabla yako.

"Ramazani, nakuuliza. Nilikufa na nini?"

"Tifoidi."

"Nani alinipeleka hospitali?"

"Yaya, tafadhali..."

"Nani aliniosha? Wewe ni mudogo yangu, ulipaswa kuwa pale. Walinizika huku, ama mulinirudisha Kasongo karibu na mama?"

Hakuwa ananikejeli. Ningefurahi kama angenikejeli. Aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kujua habari za ndugu. Mama Asha alijifunika uso kwa kitenge akatoka nje.

"Sikufikiri mpaka huko," nikasema.

"Njo hiyo," akajibu. "Haukufikiri hata kunizika."

Nililia, mwanangu. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Alisubiri nimalize, kama mtu anasubiri mvua ipite. Kisha nikamwambia yote, hata lile lililonileta. Nilimwambia, "Nilikuja kukuomba unyamaze." Akatikisa kichwa tu, akaomba aone picha.

Nilikuwa nazo kwenye simu, ulinihifadhia wewe. Mkono wake ulitetemeka mpaka Tabu akawa anarukaruka. Ikabidi nimshike kifundo cha mkono ili aone. Tukakaa hivyo, mimi nimemshika, yeye anaangalia. Zilikuwa zimepigwa picha vizuri kuliko alivyowahi kuziona mwenyewe. Akafika kwenye moja akacheka. "Angalia, huyu nilisahau kumuwekea sikio."

Halafu akauliza, "Kweli watu wanashindana kwa hii?"

"Wanainua mikono, Yaya. Wengine wanapandisha bei kwa simu."

"Hata hii yenye gundi?"

"Hiyo zaidi."

Akanirudishia simu. "Siku hiyo," akasema, "ningependa kuwa muzima."

Siku nyingine zote alinisikitikia au alinikasirikia, sijui. Siku ile aliongea kama mtu aliyeombwa kutofika kwenye harusi yake mwenyewe. Sikuwa nimewaza kwamba naiuza na furaha yake. Nilidhani nauza karatasi zilizokaa bure.

Aliwaandikia watu wa mnada kwa mkono wake kwamba yu hai, kwamba kazi ni zake, na kwamba anakubali ziuzwe, isipokuwa ile ya kwanza ya Tabu, irudi. Ilimchukua mchana mzima, maana herufi zilimkimbia. Juu yangu aliandika: "Mdogo wangu alikosea." Nilisimama kwenye kivuli cha nyumba nikasoma neno hilo. Lilikuwepo neno lingine, fupi tu, na alilijua vizuri, hakulitumia.

Siku ya mnada ulimkumbuka kuliko mimi. Wewe ndiye uliyemtumia ujumbe aje, na akaja kwa moto, mzee yule, na tope mpaka magotini. Mlikaa wawili nyuma ya kanisa, vichwa vimegusana juu ya simu. Mimi sikuitwa. Nilisimama kwa fundi wa baiskeli, nikijifanya nina gurudumu la kutengeneza. Niliona picha ikikwama, unainyanyua simu juu, inarudi. Niliona unapiga kelele na kumkumbatia. Yeye aliishika kofia yake tu kwa mikono yote miwili. Watu waliokuwa wanapita waliuliza, "Nani ameshinda? Nani amefunga?" Wakadhani ni mpira.

Baadaye Désiré aliniambia kwamba bei ilikuwa chini kidogo kuliko ambayo angepata marehemu. Alisema kama mtu anayenipa pole. Nilimkatia simu. Hilo ndilo jambo moja nililofanya vizuri katika habari hii yote, na ni dogo.

Utakutana na kina Désiré huko uendako. Si watu wabaya. Watanawa mikono, watajua kuangalia, na watakuambia mambo ya kweli juu ya kazi yako ambayo hata mimi baba yako sikuwahi kukuambia. Uza ukitaka, Yaya mwenyewe aliuza, na hakujuta. Usifute tu maneno yako ya pembeni, na usimruhusu mtu akutie haya kwa ajili ya gundi. Na mtu akikuuliza habari za mtu ambaye hayupo, usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka. Neno lilinichukua muda mfupi kuliko kumeza mate.

Unaweza kuuliza kama alinisamehe. Akija Kasongo anakula kwangu. Ananiita mudogo, anacheka na mimi. Lakini ile planshi ya kwanza iliporudi, alifika nayo hapa, nikanyoosha mikono kuipokea, akanipita akampa mama yako. "Feza, nitunzie," akamwambia. Mama yako akaangalia chini. Tangu siku hiyo Yaya hajanipa kitu nimtunzie, hata mwavuli. Sikumwuliza. Kuna mambo ukiyauliza unamlazimisha mtu awe mkarimu.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo limenikalisha hapa na kalamu.

Masomo yako si mimi ninayelipa. Ni yeye. Ndege ya kutoka Kindu, chumba cha Kinshasa, wino, vyote vimetoka kwenye mnada ule. Aliniambia nisikuambie, usije ukaenda kuchora na mzigo wa deni kichwani. Yeye alificha kwa upole. Mimi nilificha kwa sababu ilinipendeza. Imamu alinipongeza, nikapokea. Majirani walisema, "Ramazani umejikaza, kumpeleka mutoto mwanamke mpaka Kinshasa," nikatabasamu. Juzi ulinipigia magoti mbele ya wajomba zako ukanishukuru, nami nikajibu, "Ni wajibu wangu." Yaya alikuwa amekaa pale pale, Zaina. Aliinama akafunga kamba ya kiatu chake.

Nilimwua mara moja kwa mgeni. Mbele yako na ya wajomba zako nilikuwa namwua tena, na yeye amekaa mkekani kwangu.

Yaya amelala chumba cha pili, namsikia akikohoa. Barua hii nitakupa alfajiri, kabla ya chai, ili nisipate nafasi ya kuikimbia. Motari wako atasimama sokoni, na unajua watu watakavyojaa, na watakavyonisifu. Nimekusudia kusema mbele yao wote ni nani anayekusomesha, na kwa nini hamkuwa mnajua. Sijiamini sana. Ulimi wangu umezoea njia nyingine.

Basi ukiona motari amewasha na mimi bado nimenyamaza, niangalie mara moja. Nikiendelea kunyamaza, mshike baba mkubwa mkono wake unaotetemeka, useme wewe, kwa sauti, nikiwa nimesimama pale pale nasikia.

Papa yako,
Ramazani